Bahasha ya wanakwaya katika mji wa muziki

Yako majina ya miji ambayo mtu akiyasikia huota safari. Sisi tangu ujana wetu tuliota Nashville, mji mkuu wa jimbo la Tennessee katika Marekani, ambao watu huuita Mji wa Muziki. Mwezi wa 7 mwaka 2023 tulijaliwa kuukanyaga kwa siku tatu. Hatukwenda kitajiri. Tulikwenda kama walimu waendavyo popote: mfuko mwembamba na hesabu ndefu. Leo tunapenda kuwasimulia tuliyoyaona, ili msomaji asiye na fedha nyingi ajue kwamba mji kama ule haumfungii maskini mlango. Tena tutasimulia kosa tulilolitenda kule, maana msafiri anayeficha makosa yake huwanyima wenzake nusu ya faida ya safari.

Asili ya safari

Mdogo wetu, mtoto wa baba mdogo, anakaa Louisville, katika jimbo la Kentucky. Alipoteza miaka mingi kambini kabla ya kupokelewa Marekani; sasa anafanya kazi ya usiku katika ghala la mizigo, na kila mwezi hutuma fedha kidogo kwa mama yake. Mungu alipomjalia mtoto wa kwanza, alitutaka tuwe baba wa ubatizo. Ndugu walichanga nauli ya ndege, naye akachangia sehemu kubwa.

Kabla hatujaondoka Bukavu, wanakwaya wa parokia yetu walituita baada ya mazoezi. Kwaya ile ina magitaa matatu. Nyuzi zake zimekatika na kuungwa mara nyingi, na gitaa moja limetiwa waya wa breki ya baiskeli mahali pa uzi. Wanakwaya walikuwa wamechanga, wauza unga na wauza samaki sokoni, wanafunzi, fundi viatu mmoja, hata zikapatikana dola 60. Walizitia katika bahasha, na juu yake waliandika neno moja tu: «Nyuzi». Mama anayeiongoza kwaya alituwekea bahasha ile mkononi akasema: «Mwalimu, usirudi na maneno. Rudi na nyuzi.» Tulicheka sote, nasi tukaahidi.

Baada ya ubatizo, mdogo wetu alipata ruhusa ya siku tatu kazini. Akasema: «Kaka Mwalimu, Nashville si mbali. Twende.»

Hesabu kabla ya njia

Kutoka Louisville mpaka Nashville ni karibu kilometa 280, nayo basi huzimaliza kwa muda wa saa tatu hivi. Fedha yetu wenyewe ilikuwa dola 150. Tiketi ya basi, kwenda na kurudi, ilikula 58. Kwa malazi hatukulipa, kwa maana familia moja ya Wakongo, watu wa kwetu Kivu, ilitupokea katika mtaa wa kusini-mashariki ya mji. Lakini mgeni haingii nyumbani mwa watu mikono mitupu, basi tuliwanunulia mchele, mafuta na sukari kwa dola 20. Basi za mji hutoza dola 2 kwa safari moja, na mwenye kadi ya basi halipi zaidi ya dola 4 kwa siku, hata akipanda mara kumi. Hiyo ni dola 12 kwa siku tatu. Zikabaki 60 kwa chakula na kwa mengine yote.

Wasomaji wataona jambo la ajabu: mfukoni mwa kulia mlikuwa na dola 60, na mfukoni mwa kushoto, ndani ya bahasha, mlikuwa na dola 60. Mifuko miwili sawasawa. Hapo ndipo shetani alipopata kiti.

Barabara moja yenye mambo mengi

Ijumaa asubuhi tulishuka katikati ya mji. Joto lilikuwa kali kama la Uvira. Mdogo wetu alikuwa amekwisha kuuliza-uliza, akatuongoza mpaka barabara moja ambayo mgeni asiye na fedha aanzie hapo. Zamani iliitwa barabara ya Tano. Tangu mwaka 2021 sehemu ndefu yake imepewa jina la John Lewis, ambaye alisoma katika mji huo na baadaye akawa mbunge mashuhuri.

Barabara ile ni kama kitabu, na kukisoma hakuna malipo. Kwanza kuna jengo la matofali mekundu, lenye madirisha ya kikanisa. Ndilo Ryman. Kapteni Thomas Ryman alikuwa na meli nyingi za mtoni. Mwaka 1885 alimsikia mhubiri Sam Jones, akaguswa moyoni, akaazimia kujenga nyumba kubwa ya kuhubiria. Ilimalizika mwaka 1892. Baadaye ikawa nyumba ya muziki, na tangu mwaka 1943 mpaka 1974 kipindi cha redio kiitwacho Grand Ole Opry kilipigwa humo. Kipindi hicho kilianza mwaka 1925, nacho kinaendelea hata leo, ingawa siku hizi kina nyumba yake nyingine nje ya katikati ya mji. Mle Ryman wasikilizaji wangali wakikaa juu ya viti virefu vya mbao, kama tukaavyo sisi kanisani. Mwenye tiketi huingia; sisi tulikigusa kizingiti tukapita.

Hatua chache mbele, barabara ileile ina habari nyingine. Mwezi wa 2 mwaka 1960, wanafunzi weusi wa vyuo vya mji walikuja katika maduka yaliyokuwa hapo, wakaketi mahali pa kulia chakula palipotengwa kwa wazungu tu. Walitukanwa, walipigwa, walifungwa. Wao hawakurudisha pigo. Ilipofika mwezi wa 5 mwaka uleule, maduka sita yalikubali kuwapa weusi chakula. John Lewis alikuwa mmoja wa wanafunzi hao. Leo maktaba kubwa ya mji, iliyo karibu, ina chumba maalumu cha habari hizo, nacho huingiwa bure. Tulikaa mle saa nzima, katika baridi ya mashine, tukisoma na kutazama picha.

Mbele zaidi, barabarani palepale, kuna kanisa la kikatoliki la Bikira Maria wa Mateso Saba, lililojengwa katika miaka ya 1840. Wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe liligeuzwa hospitali ya askari. Tulipiga magoti, tukakumbuka nyumbani, tukatoka.

Kufikia hapo tulikuwa tumeona mengi, na tulikuwa tumetumia nauli ya basi tu.

Bahasha inafunguliwa

Upande wa pili, kusini ya barabara, kuna nyumba ya makumbusho ya muziki wa kantri, yaani muziki wa mashambani wa Wamarekani, unaopigwa kwa gitaa, fidla na banjo. Jengo lake lilifunguliwa mwaka 2001, na madirisha yake yamepangwa kama vidole vya kinanda, vyeusi na vyeupe. Kiingilio kilikaribia dola 30.

Mdogo wetu alikitazama kibao cha bei, akasema: «Kaka, mimi nitakungoja kivulini. Wewe uingie, wewe ndiwe mwalimu.» Alikuwa na haya ya kusema kwamba fedha zake zina kazi nyingine. Nasi tulikuwa na haya ya kusema kwamba zetu hazitoshi. Tulifanya hesabu haraka: tukitoa 30 katika 60 zetu, tutakula nini? Mkono ukaenda mfuko wa kushoto. Tulijiambia: tunaazima tu, kabla ya kuondoka tutarudisha. Tulijiambia tena: wanakwaya wenyewe watafurahi tukiwasimulia. Loo! Namna gani mtu anavyokuwa wakili hodari wa kesi yake mwenyewe!

Tuliingia peke yetu. Hatuwezi kusema kwamba nyumba ile si nzuri. Tuliliona gitaa la Mama Maybelle Carter, aliyewafundisha wengi namna ya kupiga sauti ya chini na ya juu kwa mkono mmoja. Tuliliona gari la dhahabu la Elvis Presley. Tulijifunza kwamba banjo, ambayo wengi huidhani kuwa chombo cha wazungu wa milimani, ilitokana na vyombo vya vibuyu na ngozi ambavyo watumwa kutoka Afrika walijua kuvitengeneza. Katika chumba cha mviringo zimetundikwa sanamu za shaba za wapigaji wote waliopewa heshima ya juu. Huko tulimtafuta DeFord Bailey, tukamwona.

DeFord Bailey alizaliwa mwaka 1899, mjukuu wa mtumwa. Alipiga kinanda cha mdomo, naye aliweza kukiliza kama garimoshi lipandalo kilima. Alikuwa mmoja wa nyota wa kwanza wa Grand Ole Opry. Lakini aliposafiri na wenzake wazungu, mahoteli yalimkataa, na mikahawa haikumpa chakula. Mwaka 1941 aliachishwa, akarudi kufuta viatu vya watu ili kulisha wanawe. Alifariki mwaka 1982. Heshima ile ya shaba alipewa mwaka 2005, miaka 23 baada ya kuzikwa.

Tulisimama mbele ya uso wake muda mrefu. Tulikuwa tumeingia kwa fedha ya wauza unga ili kutazama sanamu ya mfuta viatu. Neno hilo lilituchoma kidogo, lakini tulilisukuma pembeni.

Tulipotoka, mdogo wetu alikuwa ameketi chini ya mti katika bustani iliyo mbele ya jengo. Alikuwa mchangamfu sana. «Kaka,» alisema, «ungaliona! Mzee mmoja amekaa hapa akapiga gitaa tangu ulipoingia. Nimesikiliza saa mbili, bila kulipa.» Kisha akauliza: «Fedha zilitosha?» Tukajibu: «Zilitosha.» Jibu hilo halikuwa uongo kwa herufi, lakini lilikuwa uongo.

Mahali ambapo mlango ni wazi

Jioni tulikwenda barabara ya Broadway. Hapa tuwaeleze wasomaji bila kuficha: ni barabara ya vilabu, na taa zake huwaka rangi zote. Mzazi mwenye busara hatampeleka mtoto huko usiku. Lakini mchana na magharibi, familia nyingi hupita, maana katika vilabu vingi hakuna kiingilio. Milango na madirisha huwa wazi, na wapigaji huanza kabla ya adhuhuri na kuendelea mpaka usiku wa manane, kundi baada ya kundi. Msafiri anaweza kusimama nje akasikia nyimbo tano za vilabu vitano.

Sisi tuliingia kimoja, tukaagiza limau baridi. Juu ya jukwaa dogo, karibu na dirisha, alikuwako kijana wa gitaa, msichana wa fidla, mpiga ngoma, na mzee wa gitaa la sauti ya chini. Walipiga vizuri kiasi kwamba kwetu wangalijaza uwanja wa mpira. Mbele yao palikuwa na ndoo. Mdogo wetu alitueleza: wapigaji hao hushika zamu ya saa nne hivi, na sehemu kubwa ya riziki yao ni hiyo ndoo. Kwa hiyo muziki wa bure si bure. Yuko anayeulipia, naye ni mpigaji mwenyewe, kama wasikilizaji ni wachoyo. Tulitia dola 2. Ni kidogo, lakini mwalimu anajua maana ya kufanya kazi huku ukiitazama ndoo.

Siku ile tulitumia dola 17: chakula cha mchana 11, limau 4, ndoo 2. Katika mfuko wa kulia zilibaki 43. Katika bahasha zilibaki 30. Usiku hatukulala upesi.

Waliosafiri wakiwa maskini kuliko sisi

Jumamosi asubuhi basi ilitupeleka Jefferson Street, mtaa wa watu weusi tangu zamani. Hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kijana Jimi Hendrix alipiga gitaa katika vilabu kabla dunia haijamjua. Mwishoni mwa miaka ile barabara kuu ya magari ilipitishwa katikati ya mtaa. Nyumba nyingi na vilabu vingi vikavunjwa. Hakuna mengi ya kutazama tena. Lakini juu ya kilima kilicho karibu kingaliko Chuo Kikuu cha Fisk, na kwetu sisi hicho ndicho moyo wa safari.

Habari zake tulikuwa tumezisoma zamani katika maktaba ya seminari. Shule ile ilifunguliwa tarehe 9 mwezi wa 1 mwaka 1866, kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, katika mabanda yaliyokuwa hospitali ya askari. Husimuliwa kwamba wanafunzi wa kwanza walikusanya pingu na minyororo ya kuukuu ya watumwa, wakaiuza kama chuma chakavu, na kwa fedha ile wakanunua Biblia na vitabu vya kujifunzia kusoma. Binti mmoja, Ella Sheppard, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1851, alifika shuleni na akiba ya dola 6. Alijua kupiga kinanda, akawa mwalimu wa muziki.

Mwaka 1871 shule ilielemewa na madeni, ikakaribia kufungwa. Mweka hazina, George White, ambaye pia alifundisha kuimba, alichukua wanafunzi tisa, na tarehe 6 mwezi wa 10 waliondoka kwenda miji ya kaskazini kuimba ili waiokoe shule. Wengi wao walizaliwa utumwani. Hawakuwa na makoti ya baridi. Mahoteli yaliwafukuza. Wasomaji, hao ndio wasafiri wa kweli wenye mfuko mwembamba!

Na tazameni walilofanya. Siku mbili baada ya kuondoka kwao, moto mkubwa uliwaka Chicago, maelfu ya watu wakabaki bila nyumba. Waimbaji walikuwa Cincinnati. Walipata katika maonyesho yao fedha isiyofika dola 50; na hiyo yote waliitoa kwa waliounguliwa. Yote! Wao wenye madeni, wenye njaa, wenye kutetemeka kwa baridi.

Baada ya wiki kadhaa White aliwapa jina la Waimbaji wa Yubilei, kwa kukumbuka mwaka wa yubilei katika kitabu cha Walawi, ambao ndani yake watumwa waliachwa huru. Safari yao ya kwanza ilileta dola 20,000. Mwaka 1873 waliimba Uingereza mbele ya Malkia Victoria. Watu wa Nashville hupenda kusema kwamba yeye ndiye aliyewaita watu wa mji wa muziki. Lililoandikwa kwa hakika ni kwamba mtangazaji wa redio, David Cobb, alilitumia jina la Mji wa Muziki hewani mwaka 1950. Lakini ni kweli kwamba kabla ya gitaa la kantri kusikika redioni, sauti za wale vijana zilikuwa zimekwisha kulipeleka jina la Nashville ng'ambo ya bahari. Hata leo kwaya hiyo ipo, na mwaka 2021 ilipata tuzo ya Grammy.

Kwa fedha ya nyimbo zao ilijengwa Jubilee Hall, nyumba ya ghorofa 6, iliyofunguliwa mwaka 1876. Ni bweni la wanafunzi, wala si mahali pa kuingia kila mpita njia. Tena ilikuwa likizo, kimya kilitawala. Tulisimama nje, juu ya majani, tukaitazama. Matofali yake yote ni nyimbo.

Ndipo lile neno tulilolisukuma pembeni lilirudi kwa nguvu. Waimbaji wale walikuwa na njaa, na fedha ilikuwa yao, wakaitoa. Sisi tulikuwa tumeshiba, na fedha haikuwa yetu, tukaitumia. Tulimgeukia mdogo wetu tukamwambia yote.

Alinyamaza kidogo. «Kaka, kwa nini hukuniambia jana? Ningekupa.»

«Kwa sababu hiyohiyo. Ungetupa, na mama yako angekosa.»

Alitoa noti zake, nasi tulizikataa. Pale pale, mbele ya nyumba ile, tulitoa dola 30 mfuko wa kulia, tukazitia mfuko wa kushoto. Kulia zikabaki 13. Mdogo wetu alicheka akasema: «Basi, leo ni mkate na ndizi.»

Kengele 95

Tulitembea kwa miguu tukifuata Jefferson Street mpaka soko la wakulima, tukanunua mkate, ndizi na maziwa kwa dola 5. Jirani na soko kuna makumbusho ya jimbo la Tennessee, yaliyo katika jengo lililofunguliwa mwaka 2018. Kiingilio: hakuna. Humo historia yote ya nchi ile imewekwa mbele ya macho, utumwa, vita na muziki pia. Kama msomaji ana siku moja tu na hana fedha, aende hapo.

Mbele yake kuna bustani ndefu, iliyofunguliwa mwaka 1996 jimbo lilipotimiza miaka 200. Mwishoni mwake zimesimama nguzo zenye kengele 95, kwa kuwa wilaya za jimbo ni 95. Kila saa hupiga wimbo, na kengele moja iliyo juu, kwenye kilima cha nyumba ya serikali, huwajibu wenzake. Tuliketi juu ya majani tukila ndizi. Saa ilipofika, kengele ziliimba. Kisha ile moja ikajibu kwa mbali, kama padri anavyojibiwa na waumini, ila hapa wengi ndio walioanza na mmoja akajibu. Hatukumbuki kama mlo mwingine wa safari ile ulikuwa mtamu vile.

Alasiri tuliingia duka la vyombo vya muziki. Tulifungua bahasha kwa mara ya pili, safari hii kwa haki. Tulinunua seti 6 za nyuzi, na kifaa kidogo cha kulinganisha sauti za gitaa. Yote yalikuwa dola 57. Zile 3 zilizobaki tulizirudisha ndani ya bahasha, tukaifunga.

Magharibi tulipita juu ya daraja la waenda kwa miguu linalovuka mto Cumberland. Lilijengwa mwaka 1909 kwa ajili ya magari, na sasa ni la miguu tu. Kutoka juu yake mji wote huonekana, na taa zake huangukia majini. Hapo msichana mmoja alikuwa akipiga banjo, peke yake, sanduku la chombo limefunguliwa mbele yake. Tulisikiliza mpaka giza. Tulikumbuka kibuyu na ngozi, tukamtilia dola 3. Wahenga husema: mtembezi hula miguu yake. Lakini katika mji ule mtembezi hulisha pia masikio yake.

Jumapili tuliisikiliza misa katika lile kanisa la Mateso Saba, tukatoa dola 1. Kisha tulikwenda kwa miguu mpaka makaburi ya kale ya mji, yaliyoanzishwa mwaka 1822, nayo huingiwa bila malipo. Hapo amezikwa Ella Sheppard, aliyefariki mwaka 1914. Tulisali kwa ajili yake, binti wa dola 6. Kwa njia ya kurudi tulinunua mkate wa dola 2. Tuliposhuka Louisville, mfukoni mwa kulia zilibaki dola 2.

Tuliyojifunza

Msomaji akipata siku moja kuuzuru mji wa muziki, uwe Nashville au mwingine, ayashike haya machache. Aanze na yasiyo na malipo, ndipo ajue kama yenye malipo bado yanamvuta. Achague mlango mmoja tu wa tiketi, na aununue kwa fedha yake mwenyewe. Alale kwa ndugu na jamaa, lakini asiwafikie mikono mitupu. Asiwanyime wapigaji chochote, hata kiwe kidogo. Na fedha aliyokabidhiwa na wengine aihesabu kama haipo.

Wala tusidhani kwamba muziki uko ng'ambo tu. Kinshasa imo katika orodha ya UNESCO ya miji ya muziki tangu mwaka 2015, na rumba ya Kongo imetambuliwa kuwa urithi wa dunia tangu mwaka 2021. Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga, alipiga mbele ya mashine ya Hugh Tracey huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952, na vidole vyake vikasikika mbali. Mwaka 1958 wavulana wa Kamina pamoja na walimu wao walisafiri mpaka Ulaya wakiimba Misa Luba. Nao pia, kama wale tisa wa Fisk, walikuwa wanafunzi.

Tulipofika Bukavu, tulikwenda kwanza mahali pa mazoezi. Tuliziweka nyuzi mezani, pamoja na bahasha yenye dola 3. Kisha, mbele ya wote, tulisimulia habari ya zile dola 30. Haikuwa rahisi, wengine walikuwa wanafunzi wetu, ambao tunawafundisha amri ya saba. Wakanyamaza. Mama kiongozi aliitwaa bahasha, akazihesabu zile noti tatu polepole, akasema: «Mwalimu, tulikuambia usirudi na maneno. Umerudi na nyuzi, na maneno pia. Sasa keti, utufungie nyuzi.»

Tuliketi. Uzi wa kwanza tuliouondoa ulikuwa ule waya wa breki ya baiskeli. Tunao hata leo, juu ya meza yetu ya kazi, karibu na vitabu vya hesabu.